Kiti cha Kukhu kwenye Basi la Makumbusho

Kikao kiliitishwa saa nane, kikaanza saa tisa na robo, kama vilivyo vikao vya wazazi huku Mundika. Ajenda ilikuwa moja: Gredi ya Sita waende wapi muhula huu. Barua iliyotangulia ilisema Kisumu, kwenye makumbusho, shilingi 1,500 kwa kila mtoto, chakula abebe mwenyewe. Tuliketi chini ya mwembe, malori ya kwenda mpakani Busia yakinguruma upande wa barabara, na sala ya kufungulia haijafika kwenye amina watu walikuwa wameshaanza kunong'onezana bei.

Naweka hapa niliyoyanasa daftarini. Majina nimeyaacha, maana sote tunanunua mboga soko moja. Pale niliposhindwa kunyamaza nimejiita Mwandishi.

MWALIMU: Wazazi, mtaala huu wa umilisi hautaki mtoto wa kukariri. Nikimfundisha boma la kale kwa mdomo ataandika "boma la kale lilikuwa na zizi", apate alama yake, asahau. Nataka ainame mlangoni, aguse ukuta, apime kwa hatua zake nyumba ya mke mkubwa iko mbali kiasi gani na ya mke mdogo. Makumbusho ya Kisumu yalifunguliwa mwaka 1980, na pale uani kuna boma zima la Waluo, Ber-gi-dala, lililojengwa kwa ukubwa wake wa kweli. Kuna nyumba ya mwenye boma, za wake zake watatu, na ya kifungua mimba wake. Mtoto akitoka humo hahitaji kukariri.

MAMA MBOGA: Mwalimu, sikatai. Lakini 1,500 kwangu ni mafungu 75 ya majani ya kunde, fungu shilingi 20, na sijamlipa bado aliyenilimia. Nikishazitoa, mwanangu apelekwe Kisumu kutazama boma la Waluo. Kwani sisi Wakhayo tulilala juu ya miti?

Watu walicheka, na kicheko kile kilimwokoa Mwalimu asijibu papo hapo. Mimi sikucheka. Swali la Mama Mboga ndilo ambalo makumbusho yote duniani hulikwepa: nani amechaguliwa kuonyeshwa, na nani ameachwa abaki mtazamaji. Anayepeleka mtoto makumbusho mara moja maishani ana haki ya kuuliza kama mtoto huyo atajiona humo.

MWALIMU: Mama, hata jirani ni kioo. Ile nyumba ya kijana katika boma la Waluo inaitwaje? Simba. Na sisi huku kijana akibalehe akajengewa chumba chake tunakiitaje?

SAUTI NYINGI: Esimba!

MWALIMU: Basi. Waluo wana lugha yao ya Kiniloti, sisi yetu ya Kibantu, lakini kijana analala kwenye nyumba ya jina moja. Hayo huwezi kuyaona ukikaa Mundika tu.

Hapo alifunga bao, nakiri. Kisha akalichafua mwenyewe kwa kutusomea insha ya mwanafunzi wa mwaka uliotangulia. Makumbusho ya Kisumu yana simba aliyekaushwa na kusimamishwa akiwa amemrukia nyumbu mgongoni, na kila mtoto huduwaa mbele yake. Mwanafunzi yule aliandika: "Niliona simba wawili. Mmoja alikuwa anakula nyumbu na mwingine alikuwa na mlango." Mwalimu alimpa alama sifuri kwa aya hiyo. Mimi ningempa zote.

MZEE: Na mbona hamtaji Kampala? Kampala ni karibu kilomita 200 kutoka Busia. Makumbusho ya Uganda ndiyo makongwe kuliko yote Afrika Mashariki. Yalianza mwaka 1908 kwenye ngome ya Lugard pale Kampala ya zamani, yakahamia Makerere, na tangu 1954 yana jengo lao mlimani Kitante. Kuna chumba kizima cha ngoma na vinanda vya makabila mengi. Tena ni kwetu. Babu yangu alizaliwa Uganda, akazeeka Kenya, na hakuwahi kuhama boma.

Vijana walidhani anatania. Hatanii. Nchi yote hii, hadi kupita Kisumu na kuingia Bonde la Ufa, ilikuwa Mkoa wa Mashariki wa Uganda mpaka tarehe 1 Aprili 1902, Waingereza walipousogeza mkoa huo upande wa pili kwa maandishi tu. Watu walilala Uganda wakaamka kwenye himaya nyingine. Hiyo ni mada ya makumbusho peke yake, na ingeweza kufundishwa kwa kusimama mpakani na kamba.

MWALIMU: Mzee wetu, nakubali kila neno. Lakini watoto 60 kuvuka mpaka ni karatasi 60. Barua za wazazi, vyeti vya kuzaliwa, kibali cha huku, kibali cha kule. Nitaanza leo nimalize wakiwa Gredi ya Nane.

Kituo cha pamoja cha mpakani Busia kilizinduliwa mwaka 2018 na marais wa nchi zote mbili, na kazi yake ni kumwezesha mtu na mzigo kukaguliwa mara moja badala ya mbili. Nilipomsikia Mwalimu niliwaza kwamba saruji ina bahati. Saruji haihitaji barua ya mama.

DEREVA: Naomba kusema. Mimi ndiye huwapeleka, kwa hiyo nayaona msiyoyaona. Tunatoka hapa saa kumi na moja alfajiri. Kabla ya Ugunja watatu wameshatapika. Kisumu tunaingia wakiwa wamemaliza mikate yote. Makumbusho? Dakika arubaini. Wa mbele anamsikia mwongozaji, wa nyuma anasikia wa mbele amesema nini. Wanataka mamba, wanataka nyoka, halafu wanataka ziwa. Walimu wanaangalia saa kwa sababu basi la shule haliruhusiwi barabarani usiku. Mtoto mmoja alinakili kibandiko kizima daftarini, nikamuuliza kimesema nini, akaniambia, "Sijui, nitasoma nyumbani."

MWALIMU: Dereva, unanisema mimi?

DEREVA: Nasema safari, Mwalimu. Wewe nakuheshimu.

Mimi mwenyewe nilikuwa mtoto wa aina hiyo. Miaka mingi iliyopita shule yetu ilitupeleka kwenye makumbusho fulani ambayo sitayataja, tukapitishwa kwa mstari mmoja, mkono begani mwa mwenzako, na mwalimu wa zamu akiwa na kiboko. Nilichotoka nacho ni ladha ya soda ya moto na mgongo wa msichana aliyekuwa mbele yangu, sweta lake lilikuwa na tundu. Historia yote ya Afrika Mashariki ilipita kushoto na kulia kwangu nikilitazama tundu lile.

DEREVA: Sasa mimi ni Mteso, nyumbani ni kule juu, milima ya Chelelemuk. Kwetu kuna Kakapel. Iko katika kaunti hii hii ya Busia. Ni jiwe kubwa limeinama kama paa, na chini yake kuna michoro ya watu wa kale. Duara ndani ya duara, ng'ombe wenye pembe, nyekundu na nyeupe. Hakuna kioo, hakuna kibandiko cha kunakili. Watoto watarudi saa tisa wakiwa na akili zao.

MAMA MBOGA: Na nauli?

DEREVA: Hata nusu haifiki.

Minong'ono ilibadilika sauti. Mwalimu alipinga mara moja, na si kwa kiburi: jiwe litawafundisha nini watoto kwa siku nzima? Watapiga picha, watakula, watashuka. Kisumu kuna vitu mia. Kakapel kuna ukuta mmoja.

MWANDISHI: Mwalimu, ukuta huo si wa kudharauliwa. Msomi wetu Osaga Odak aliandika habari zake tangu miaka ya 1970. Leo ni turathi ya taifa chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya, yale yale yenye jengo la Kisumu. Duara zile zile ziko Nyero, wilaya ya Kumi huko Uganda, kwa Wateso wa upande wa pili, ingawa wachoraji walikuwepo kabla Wateso hawajafika. Wataalamu huwataja wawindaji waliotangulia, watu wa ukoo wa Watwa, na wale ng'ombe wakachorwa na wafugaji waliokuja nyuma yao. Lakini kubwa zaidi liko chini ya ukuta, udongoni. Watafiti walichimba hapo, wakachuja udongo kwa maji, wakapata mbegu zilizoungua. Matokeo yalitolewa mwaka 2024. Mama, ulisema unauza majani ya kunde?

MAMA MBOGA: Kila jioni.

MWANDISHI: Kunde za Kakapel zimepimwa umri wake: miaka kama 2,300. Ndizo kunde za kulimwa za zamani kuliko zote zilizopimwa hivyo katika Afrika Mashariki. Na wimbi, mamia ya punje, miaka 1,000 au zaidi.

MAMA MBOGA: Kunde hizi hizi?

DEREVA: Na wimbi. Kwa hiyo ajon ilikuwepo.

MWANDISHI: Ripoti haikutaja pombe.

DEREVA: Mamia ya punje za wimbi, bwana. Walikuwa wanafuga kuku?

Kwa wasiotoka huku: ajon ni pombe ya wimbi ambayo wazee wa Kiteso huinywa kwa mirija mirefu, chungu kikiwa katikati yao. Sikuwa na jibu la kumpa. Nilipoongeza kwamba ilipatikana pia mbegu ya njegere, na kwamba watafiti wenyewe walishangaa imefikaje, Mama Mboga alikuwa hanisikii tena. Alikuwa anageuza geuza fungu moja la majani lililobaki kikapuni.

MZEE: Wamechimba mbegu tu, au na watu?

MWANDISHI: Na watu, Mzee. Kuna mifupa ya mtu aliyeishi takriban miaka 3,900 iliyopita, na ya wengine waliokuja baadaye sana. Imepimwa vinasaba mpaka na wataalamu wa ng'ambo.

MZEE: Na kuomba ruhusa, walimwomba nani?

Kimya kikaingia. Mwalimu alisema vibali hutolewa kisheria, nami nikaongeza kwamba wa miaka 3,900 hana mjukuu anayejulikana. Mzee alitutazama kama watoto wawili waliovunja chungu. Sidhani tulimjibu, na sidhani jibu lipo. Nililiandika daftarini nikapiga mstari chini yake.

Hapo ndipo mtoto mmoja wa Gredi ya Sita, ambaye alitumwa kutuletea viti, aliponyoosha mkono. Desturi yetu mtoto haongei kwenye kikao cha wazazi, lakini safari ilikuwa yake.

MWANAFUNZI: Mimi Kisumu nimeshaenda. Nilienda na mama mdogo, siku alipokuwa ameenda kumwona mgonjwa hospitalini. Tulikuwa wawili tu. Nilimuuliza kwa nini nyumba ya mke wa kwanza imekaa pale, akanieleza, halafu akanieleza na ya bibi yake yeye. Tulikaa kwenye hicho kijumba mpaka mlinzi akatuuliza kama tumepotea. Na hakukuwa na maswali ya kujaza.

MWALIMU: Ulijifunza nini?

MWANAFUNZI: Kwamba bibi ya mama mdogo alikuwa mke wa tatu. Nyumbani hawasemi.

Watu walicheka kwa midomo iliyofungwa. Lakini hii ndiyo tofauti kati ya kundi la shule na familia, na sijapata kuisikia ikielezwa vizuri zaidi. Kitu cha makumbusho hakimwambii mtoto neno mpaka awepo mtu ambaye kitu hicho kimemgusa. Mwongozaji ana maelezo, tena mengi yao ni mazuri, lakini ameyasema mara tatu asubuhi hiyo. Mama mdogo ana siri ya ukoo. Kioo kikiwa mbele ya siri hiyo kinakuwa dirisha.

Ubaya ni kwamba familia za Mundika haziendi makumbusho. Kiingilio cha mtoto wa Kenya si kitu cha kumwangusha mtu, nauli ndiyo huangusha: watu watano kwa matatu hadi Kisumu na kurudi ni ada. Kisumu tunaenda kwa hospitali, kwa harusi, kwa kesi. Mtu hawezi kusema Jumapili, "Wanangu, vaeni, twende tukaone vyungu." Atadhaniwa ameokota pesa. Kwa hiyo shule itabaki kuwa mlango wa watoto wetu, na wataingia sitini sitini.

MWANAFUNZI: Na nina swali lingine. Baiskeli ya boda iko makumbusho gani?

Nilitamani kumbeba. Neno boda boda, ambalo leo liko midomoni mwa watu kutoka Kampala hadi Dar es Salaam na mbali zaidi, lilizaliwa hapa mpakani, kwa vijana waliobeba watu na mizigo kwa baiskeli, kiti cha sponji nyuma, kutoka kizuizi cha Kenya hadi kizuizi cha Uganda. Babake mtu yeyote pale chini ya mwembe angeweza kuwa mmoja wao. Kuna nyumba inayoihifadhi baiskeli hiyo hapa Busia? Sijaiona.

Mwaka 2021 Makumbusho ya Nairobi yaliweka maonyesho yenye makabati matupu, makusudi, kusimama badala ya vitu vya Kenya vilivyo katika makumbusho ya Ulaya na Marekani. Orodha yao ilikuwa imefikisha vitu zaidi ya 32,000. Niliwaeleza wazazi habari hiyo. Mama Mboga akauliza: mtu alipe kiingilio atazame kabati tupu? Nikasema ndiyo. Akasema basi kwake amejaza maonyesho. Lakini mwanafunzi yule alikuwa ameelewa: kuna tupu ya kuibiwa, na kuna tupu ya kutotunza, na ile baiskeli haikuibwa na Mwingereza.

Nyuma kabisa, kwenye mkeka, alikuwa ameketi Kukhu mmoja, ndivyo tunavyowaita nyanya zetu huku. Alikuja kwa niaba ya mwanawe aliye Nairobi.

KUKHU: Huko mnakokwenda, mnasema kuna jiwe la kusagia wimbi, limewekwa watu wasiliguse?

MWALIMU: Makumbusho mengi yanalo, Kukhu.

KUKHU: Langu liko nyuma ya jiko. Kuku hunywa maji humo.

MWANDISHI: Wazazi, nina hoja. Tuende Kakapel, na kiti kimoja cha basi kiwe cha Kukhu. Asimame pale chini ya mwamba awaeleze watoto wimbi linavyosagwa, kunde zinavyochumwa, nani alikatazwa kula nini.

Nilidhani nimemaliza ubishi. Ndio kwanza ulianza. Mwenyekiti alisema kila kiti kimehesabiwa kwa mtoto. Mzee alitaka kujua kwa nini kiti kiwe cha mwanamke, wanaume wazee wameishiwa kumbukumbu? Lakini pingamizi zito lilitoka kwa Mwalimu, na naliandika kwa ukamilifu kwa sababu lilinitikisa.

MWALIMU: Nampenda Kukhu. Lakini kumbukumbu si historia. Watoto wakimuuliza tulitoka wapi atawaambia Misri. Wazee wetu wote husema Misri. Kitabuni nafundisha kwamba Wabantu walianzia upande wa Kameruni na Nigeria, wakasambaa. Mtoto akiandika Misri kwenye mtihani, nani atarudisha alama? Kukhu?

KUKHU: Aliyeandika kitabu alikuwepo?

MWALIMU: Hakuwepo, Kukhu.

KUKHU: Basi tuko sawa.

MWANDISHI: Mwalimu, Profesa Gideon Were alipoandika historia yetu sisi Waluhya, kitabu kilichotoka mwaka 1967, alizunguka huku akiwasikiliza wazee. Vitabu unavyofundishia vimesimama juu ya mikeka kama ule. Mtoto wa miaka kumi na miwili anaweza kubeba Misri na Kameruni kwa pamoja, akauliza kwa nini babu zake walichagua kusema Misri. Hilo ni swali kubwa kuliko yote mawili.

MWALIMU: Na mtihani?

MWANDISHI: Kwenye mtihani aandike Kameruni.

MWALIMU: Umewahi kusahihisha karatasi sitini, ndugu Mwandishi?

Sikuwahi. Nikakaa chini.

Kura ilipigwa kwa mikono. Kakapel ilishinda, ingawa nashuku ilishinda kwa nauli na wala si kwa kunde za miaka 2,300. Mwalimu alikubali kwa sharti kwamba safari ya Kisumu iwe mwaka ujao na kwamba watoto wasipewe karatasi ya maswali. Kila mmoja aje na swali lake moja, alilolitoa nyumbani. Sharti hilo la pili lilikuwa lake mwenyewe, hakuna aliyemshawishi. Mzee alipewa kiti cha msaidizi wa dereva ili amani irudi. Kiti cha Kukhu kilipita mwisho, baada ya Mama Mboga kusema atakilipia kwa majani ya kunde na mwenyekiti kusema shule haipokei mboga na mweka hazina kusema inapokea.

KUKHU: Kuna mlima wa kupanda?

DEREVA: Kidogo, Kukhu. Tutakushika mkono.

KUKHU: Na lile jiwe langu nije nalo?

Dereva aliuliza lina uzito gani. Kukhu alionyesha kwa mikono, na mwanafunzi yule wa viti akasema analijua, haliwezi kuinuliwa na mtu mmoja. Dereva alikuna kichwa, akatazama upande wa basi, akasema litaingia chini ya kiti cha nyuma kama watoto wawili watakunja miguu.

KUKHU: Basi kuku watafutiwe sufuria.